Diski Isiyokohoa

Mimi na mtalaka wa mume wangu tulikuwa tunaamka pamoja. Sizungumzi mafumbo. Nafungua dirisha la chumba cha mbele, natoa shuka juu ya cherehani, nawasha redio, na yeye huyo: "Ni saa kamili. Popote ulipo, nipo." Sauti laini, inateleza, unajua kabisa anatabasamu huko aliko. Taarifa ya habari inasomwa, nyimbo zinapigwa, saa nyingine inafika, huyo tena. Nakata suruali ya mteja, huyo. Nawalisha mapacha uji, huyo. Mwanamke alisema popote nilipo yupo, na kwa hilo hakudanganya.

Mwenyewe alikuwa keshaondoka mjini siku nyingi. Alipata kazi kwenye kituo kikubwa cha redio mji mwingine, akafungasha masanduku, akadai talaka yake, akaenda zake. Hakuacha mtoto wala hakuacha kijiko. Aliacha sauti iliyorekodiwa, na kituo cha hapa kwetu kikaendelea kuipiga kila saa. Wasikilizaji walimpachika jina la Asali, na ukimtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake watakuuliza huyo ni nani. Asali! Mimi nikimtaja nasema "yule", na nyumbani kwangu kila mtu anajua yule ni yupi.

Wateja ndio walionimaliza. Mtu amekuja kupimwa gauni, amenyoosha mikono, nimemzungushia utepe kiunoni, saa inafika, yule anatoa vitu vyake, na mteja wangu anafumba macho. "Mama Pacha, sauti hii! Ningekuwa mwanaume ningeiposa." Nami pini zimenijaa mdomoni, hata kumjibu siwezi. Mwingine alithubutu kuniuliza kama nikimsikia sijisikii vibaya. Nijisikie vibaya kwa nini, nikamwambia, mimi si ndiye niliyebaki na mume? Nikamshonea mkono wa gauni nje ndani, ikabidi niufumue.

Utaniuliza kwa nini nisiizime hiyo redio. Sikuweza, kwa sababu mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye kituo hichohicho cha hapa kwetu, na akirudi, kabla hajavua viatu, swali lake ni hilohilo: "Leo tulisikikaje?" Nikimwambia sikusikiliza ananyong'onyea kabisa. Nikasema basi, acha niumie kwa ajili ya kazi yake.

Kazi ya Baba Pacha ni kutunza sauti. Hatangazi, na yeye mwenyewe akiongea humsikii vizuri mpaka usogee. Kila kilichowahi kurushwa pale kituoni, matangazo ya biashara, vipindi, milio ya kuanzia habari, hotuba, nyimbo, vyote viko chini ya mkono wake. Ukitaka mlio wa mvua anao. Ukitaka mtoto anayelia, anao, tena wa kwetu, alimrekodi akiwa anaota meno na mimi nikihangaika peke yangu.

Na ni mtu asiyeamini kitu mpaka akisikie. Jokofu likinguruma vibaya anaweka sikio. Mtoto akiumwa haangalii kipimajoto, anaweka sikio kifuani. Hata mimi nikinuna, haniangalii usoni, anasikiliza ninavyotua sufuria. "Leo umekasirika," ananiambia, na mgongo amenipa.

Diski za kituo alizitunza hivyohivyo, kwa sikio. Zile za zamani ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kijisindano kinachopita juu yake kikisoma. Kwa kuwa kuna kitu kinazunguka, kuna mlio. Diski nzima huvuma taratibu. Ikianza kuugua, inakohoa: tk, tk, tk. Kila asubuhi Baba Pacha alikuwa anainama chini ya meza ya mitambo, anafumba jicho moja, anasikiliza. Siku akisikia kikohozi, anatimua mbio kutafuta diski nyingine na kuhamishia kila kitu kabla ile haijakata roho. Alikuwa hajawahi kupoteza hata tangazo la sabuni. Ukawa ndio utaratibu wa kituo kizima. Nakala ya akiba haikuwepo, ratiba ya kunakili haikuwepo, lilikuwepo sikio la Baba Pacha. Meneja akija na wageni alikuwa anawaonyesha: "Huyu hapa daktari wetu wa diski."

Siku moja huyo Meneja akarudi kutoka kwenye semina, mkononi ana kidude chembamba cha kuingia mfuko wa shati. SSD, akasema. Ndani hakuna sahani, hakuna sindano, hakuna kinachozunguka, ni chipu tupu. Ili kuwaonyesha akaiacha ianguke kutoka mezani mpaka sakafuni, akaiokota, akaichomeka, ikafanya kazi na wala haikuwa na habari. Baba Pacha aliporudi nyumbani alikuwa anaongea mpaka anasahau kula.

"Ile ya zamani ungeiangusha vile, ungeanza kutafuta sanda," akaniambia. "Na inasoma haraka, Mama Pacha! Unabonyeza tu, sauti imeshatoka."

"Umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza. Kimya. Haikohoi kabisa."

"Na yule?"

"Yule nani?"

"Mwenye saa yake kamili."

Akatazama sahani ya chakula. "Amehamia huko na wengine wote."

Jamani, roho iliniuma. Mimi nakaa kwenye nyumba ambayo mvua ikinyesha nasogeza cherehani pembeni, yeye kahamishiwa kwenye diski ya kisasa isiyovunjika hata ikianguka.

Sasa ile diski ya zamani, iliyokuwa imeshaanza kukohoa, ilitakiwa kutupwa. Kesho yake naingia chumbani kukunja nguo, natazama juu ya kabati, nakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa changu kizuri cha bluu nilichokiweka kwa ajili ya kola. Nafungua, ni diski. Nikamwita.

"Hii nini?"

"Diski ya zamani."

"Si ulisema inatupwa?"

"Inatupwa. Ila, basi tu."

"Basi tu nini?"

"Ina vitu."

"Vitu vya nani?"

Akanyamaza. Mwanaume akinyamaza kwenye swali la "vya nani", mke ana haki ya kulijibu mwenyewe, nami nililijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Baba Pacha hakubishana. Alikifunga tena kile kitambaa, polepole, kona kwa kona, kisha akamrudisha mgeni wake juu ya kabati.

Nikaishi na mwanamke juu ya kabati langu. Mchana kwenye redio, usiku juu ya kichwa changu. Nikifagia chumba nilikuwa namwambia, "Dada, shuka, hapa si kwako." Cheka, lakini wivu haungoji mtu awe na miguu. Mtalaka aliye hai ningeweza kumfuata nikamtukana tukamaliza. Huyu wa kwenye kisanduku ningemtukana akanijibu nini?

Siku wazoa taka walipopita, niliishusha nikaenda nayo mpaka mlangoni. Yule kijana wa mkokoteni alishanyoosha mkono. Sijui nini kilinishika. Nilijiambia ni kile kitambaa cha bluu, siwezi kupoteza kitambaa changu kwa ajili ya yule. Nikarudi ndani, nikaichomeka kwenye gunia la vipande vya nguo chini ya cherehani, nikatulia. Juu ya kabati pakabaki patupu. Nikasema ngoja aulize. Siku aliyoona hapana kitu nilimwona alivyopaona: alisimama, akatazama, akatoka. Hakuuliza. Nami ndipo nikavimba zaidi, maana asiye na hatia angeuliza.

Basi, miezi ikapita hivyo. Kisha ikafika asubuhi moja, nimekaa kwenye cherehani, saa inakaribia. Nikakaza meno kama kawaida yangu. Wimbo ukaisha. Nikangoja. Kimya. Halafu nikasikia mtangazaji akisafisha koo: "Eee, wasikilizaji, habari kamili." Yule hakutokea.

Nikasema labda wamesahau. Saa iliyofuata, kimya tena. Iliyofuata, kimya, na hata matangazo ya biashara hayakupigwa, mtangazaji alikuwa anayasoma mwenyewe huku anababaika. Loo! Niliinuka nikacheza pale pale, utepe wa kupimia shingoni. Mteja aliyekuja kuchukua sketi akasimama mlangoni akaniuliza kuna harusi ya nani. Nikampunguzia bei. Mchana nikapika chakula cha kueleweka, nikavaa gauni langu la maana, nikawaogesha mapacha. Nyumba ikawa ya kwangu, hewa ikawa ya kwangu. Sijawahi kujua kimya kinaweza kuwa kitamu hivyo.

Baba Pacha akarudi kabla ya wakati wake. Hakuuliza tulisikikaje. Akakaa kwenye kizingiti, viatu miguuni, mgongo kaupinda.

"Diski imekufa," akasema.

"Si mpya?"

"Mpya. Na leo asubuhi nimeisikiliza, Mama Pacha. Niliweka sikio kabisa. Ilikuwa kimya."

Nikamtazama huyu mwanaume. "Baba Pacha, hiyo si siku zote iko kimya?"

Akainua uso taratibu. "Ndiyo."

"Sasa ulikuwa unasikiliza nini?"

 Niliona swali linamwingia pale pale kizingitini, linashuka kidogo kidogo. Kila siku iliyopita alikuwa anainama, anaweka sikio kwenye kidude kisichotoa mlio kikiwa kizima wala kikiwa mahututi, anasikia kimya, anafurahi, anakwenda kunywa chai.

"Hukuweka nakala popote?"

"Nilikuwa nangoja ikohoe," akasema.

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Lakini akaendelea: Meneja, yuleyule aliyekuwa akimwonyesha kwa wageni, amempa mpaka mwisho wa wiki. Sauti zirudi, au arudishe funguo za studio. Wenye matangazo wameanza kupiga simu. Furaha yangu ikakatika kama uzi. Mimi na cherehani yangu tunaweza kujilisha, sikatai, lakini sikuwa nawaza chakula. Nilikuwa namtazama mtu aliyeambiwa sikio lake halina kazi. Alikuwa analigusagusa bila kujijua.

"Kuna fundi anaokoa diski," akasema baadaye. "Ghorofani, juu ya duka la miwani."

"Fundi gani?"

"Yupo mmoja. Mwanamke."

"Nakwenda na wewe," nikasema. Mapacha nikawaacha kwa jirani, na gauni la maana nikabaki nalo mwilini.

Fundi mwenyewe alikuwa mrembo, sina sababu ya kuficha. Glovu nyeupe, miwani ya kukuzia juu ya paji la uso, nywele zimebanwa vizuri. Akamshika mume wangu mkono. "Pole sana, kaka." Ule mkono niliutazama mpaka alipouondoa. Akaichomeka SSD kwenye kompyuta yake. Kompyuta haikuiona. Akaifungua, akainamia kwa muda, akachomeka waya hapa na pale, kisha akaiweka chini taratibu, na nilipoona taratibu ile nikajua.

"Chipu inayoziongoza nyingine imekufa," akasema. "Sauti zenu huenda zimo bado, lakini aliyejua namna ya kuzisoma ni yeye. Pengine wapo wenye mitambo mikubwa kuliko yangu. Kwa wiki hii, kaka, usingoje."

Baba Pacha akapandwa na hasira, kitu ambacho kwake ni nadra. "Ndiyo maana mimi nasema bora zile za zamani! Hizi za kisasa ni kutudanganya tu."

"Hapana, usizisingizie," fundi akasema, akamwonyesha rafu ukutani. Ilikuwa imejaa diski za sahani mpaka nyingine zimelazwa juu ya nyingine. Hii ilianguka ngazini, ile ilipigwa teke na mtoto, hii sindano ilikwaruza sahani, ile imechoka tu kwa kuzunguka. "Hao wote ni wagonjwa wangu. SSD zinazoletwa hapa ni chache. Hazina cha kusagika na haziogopi kuanguka. Mimi mwenyewe kompyuta yangu ninayofanyia kazi ina SSD. Ila tofauti ni kwamba hii ya sahani mara nyingi inakuaga kwanza, na hii nyingine unaizima nzima, unaiwasha maiti. Halafu si kila ya sahani inakohoa. Ziko zinazokufa ghafla bila hata kuguna. Wewe ulibahatika, ukadhani ni ufundi."

Hapo alimgusa pabaya, nikataka nimjibu mimi. Mume wangu namsema mwenyewe, sitaki asemwe na mwenye glovu. Lakini Baba Pacha aliuliza tu, kwa upole, "Sasa mtu aamini ipi?"

"Yoyote. Ila asiiache peke yake." Akavua ile miwani. "Ile ya zamani, mliyohamisha kutoka kwake, iko wapi?"

Baba Pacha akageuka akanitazama. Miezi yote ile hakuuliza, sasa anauliza mbele ya mwanamke mwingine: "Mama Pacha. Ile ya juu ya kabati. Ipo?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. "Niliitupa." Nani angenilaumu? Takataka zinatupwa. Na yule angekwisha, moja kwa moja, saa zote zingebaki tupu, na wateja wangefumbua macho. Roho yangu yote ilitaka kulisema. Nikamtazama Baba Pacha. Sikio lake la kulia lilikuwa na alama nyekundu, ya kulibandika kwenye kile kidude tangu asubuhi, akitafuta hata mguno.

"Ipo," nikasema. "Kwenye gunia la vipande."

Akakaa chini, sakafuni kabisa, mbele ya fundi.

Tuliifuata, tukarudi nayo ikiwa bado kwenye kitambaa changu. Fundi akaiwasha. Tk, tk, tk. Baba Pacha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Unaisikia? Inakohoa!" Utadhani tumeletewa mtoto mchanga.

Fundi hakutabasamu. "Imechoka sana hii. Nikiizima sina hakika itawaka tena, kwa hiyo naisoma mara moja mpaka itakapokata roho. Huenda isimalize. Niambie nianze na nini."

Hata mimi, mshona nguo, nililijua jibu. Unaanza na milio ya kuanzia habari, ile sauti ya saa, matangazo ya wanaolipa. Kazi iko pale, funguo ziko pale.

"Kuna folda inaitwa Salamu za Jumamosi," Baba Pacha akasema. "Anza na hiyo."

 Salamu za Jumamosi kilikuwa kipindi cha yule. Chake, alikianzisha mwenyewe, alikitangaza mwenyewe mpaka siku anaondoka. Wasikilizaji wanapiga simu, wanasalimiana, anacheka nao. Kilikuwa hakirushwi tena. Hakikuwa na faida hata ya senti kwa mtu yeyote duniani isipokuwa kwa mwanaume anayetaka kumsikia mtalaka wake akicheka.

"Eti nini?" nikasema. "Kazi inakufa, Meneja anakungoja, diski inahema, na wewe unataka Salamu zake?"

"Mama Pacha."

"Hapana, usiniite! Nimekaa naye juu ya kichwa changu, nimemrudisha kwa mikono yangu, ningeweza kusema nimemtupa! Na wewe kitu cha kwanza unachookoa ni yeye?"

Fundi alikuwa anazikagua glovu zake. Baba Pacha hakunitazama. Ile sauti yake isiyosikika, siku hiyo ilisikika. "Dada fundi, anza na hiyo."

Nilitoka nikakaa ngazini. Machozi yalinitoka ya hasira, yakaharibu lile gauni la maana. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nilikuwa naisikia diski ikikohoa, na kila ikikohoa nilikuwa naiombea mauti, kisha nakumbuka funguo za studio, nairudishia uhai. Mtu aliyepita kwenda kununua miwani aliniuliza kama naona vibaya.

Baadaye fundi akachungulia. "Dada, ile folda imetoka. Sasa natoa milio ya saa."  Diski ilijikokota mpaka jioni. Ikatoa milio, ikatoa matangazo yote ya wanaolipa, ikatoa nyimbo nyingi na hotuba chache, halafu ikakata roho katikati ya matokeo ya mpira. Yaliyobaki yakaenda nayo. Kwa Meneja yalitosha. Baba Pacha alibaki na funguo zake, na kesho yake saa kamili yule alikuwa amerudi hewani, sauti yake haina hata mkwaruzo.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja jikoni. Nilitua sufuria namna ambayo hata asiye na sikio angeelewa. Akaniacha nikatua zote. Nilipoishiwa sufuria, akaja na kompyuta yake ndogo, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akanivisha hedifoni bila kuniuliza.

Nikamsikia yule. "Salamu za Jumamosi, tuna nani kwenye laini?" Nilishainua mkono kuzivua. Kisha akajibu msichana, anatetemeka, anaongea haraka: "Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji."

"Unamsalimia nani, mrembo?"

"Naisalimia cherehani niliyopewa kujifunzia, maana leo ndiyo imekubali kushona mstari ulionyooka."

Yule akaangua kicheko. Msichana naye akacheka, kicheko kikubwa, cha kukoroma, kisicho na adabu, na hakikomi. Wanacheka, wanacheka, kisha yule anasema huku akivuta pumzi: "Leo fundi mitambo wetu kasinzia, hata simu hakati!"

Zilikuwa ni sekunde chache tu ambazo kila mpigaji alipewa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kupiga simu ile.

"Sikusinzia," Baba Pacha akasema. Hedifoni zilikuwa masikioni mwangu, lakini nilimsoma midomo. Nikazivua. "Nilisahau kukata. Sijawahi kusahau, si kabla wala baada."

"Na ile suruali uliyokuja nayo nikushonee? Tulipojuana?"

"Nilikusikia unamfokea mteja, nikajua ni wewe. Nikarudi nyumbani nikaichana mwenyewe. Yule alikuwa keshaondoka, Mama Pacha. Nakuapia."

Nililia upya, safari hii kwa namna nyingine, nikamlowesha shati. Kisha nikajifuta. Mimi ni mimi.

"Mtoe yule," nikamwambia. "Niache mimi peke yangu."

Alijaribu, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akanionyesha mawimbi kwenye kioo. Pale ninapoongea peke yangu aliweza. Pale pa kicheko, mawimbi yake na yangu yamelaliana. Akikata huyu, na huyu anakatika. Akimpunguza yule, na mimi nakuwa kama mtu anayecheka chini ya godoro. "Mmecheka pamoja," akasema. "Hamtenganishiki." Nikamwambia basi aache.

Tangu hapo Baba Pacha hangoji kikohozi. Kile kipande kiko kwenye SSD, kiko kwenye diski ya sahani, na nakala nyingine iko nyumbani kwa dada yake. Sauti za kituo nazo ni hivyohivyo, Meneja kashaagiza. Nami sasa wateja wakifumba macho nawaacha wafumbe.

Lakini kuna jambo. Siku za mapumziko Baba Pacha anakaa kwenye kiti cha wateja, anavaa hedifoni, anafumba macho, na najua amefika wapi kwa kumtazama mdomo. Akifika pale pa kicheko anatabasamu. Hapo ndipo kitu kinaponichoma. Huyu mtu alikuwa na mke, mke mwenyewe yuko mbele yake, nyuma ya kioo cha studio, anacheka, na yeye akatega sikio kwa mwanamke wa kwenye simu. Sasa wa kwenye simu ndiye mke. Niko naye chumba kimoja, nacheka bure kila siku, na hajawahi kunifumbia macho.

Juzi nilimgusa bega. "Unamsikiliza nani?"

Akainua hedifoni upande mmoja. "Wewe," akasema, akairudisha sikioni, akafumba macho.

Nami nilikuwa bado naongea.